Somo la 9: Mkataba wa Hifadhi katika Ardhi Binafsi na Haki ya Umma Kuingia

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza maana ya mkataba wa hifadhi na kuutofautisha na kukodisha au kuuza ardhi;
(b) kueleza kwa nini kulinda ardhi na kuruhusu watu kuingia ni mambo mawili tofauti;
(c) kutoa mifano halisi kutoka Marekani, Kenya na Tanzania;
(d) kujadili migongano kati ya uhifadhi na burudani, na kupendekeza masharti ya kuitatua.

1. Utangulizi

Hifadhi za taifa hazitoshi kulinda mazingira. Vyanzo vya maji, misitu midogo, fukwe na mapito ya wanyama mara nyingi vimo ndani ya ardhi yenye mwenyewe: shamba la familia, ranchi au ardhi ya kampuni. Serikali haina fedha za kununua ardhi yote hiyo, na wenyewe nao wengi hawataki kuuza. Hapo huzuka swali la kwanza: ardhi hiyo italindwaje ikiwa itabaki mikononi mwa mwenyewe?

Likijibiwa hilo, linafuata la pili. Ikiwa umma umechangia kuilinda ardhi kwa kodi yake au kwa fedha za serikali, je, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia kutembea, kuvua samaki au kupanda kilima?

Watahiniwa wengi huyajibu maswali haya kana kwamba ni moja. Wazo kuu la somo hili ni kwamba ulinzi wa ardhi na haki ya kuingia ni haki mbili zinazojitegemea. Zinaweza kuwekwa pamoja katika mkataba mmoja, lakini kila moja lazima iandikwe, ilipiwe na iwekewe mipaka yake. Isipoandikwa, haipo.

2. Haki nyingi katika shamba moja

Tumezoea kusema "shamba ni la fulani" kana kwamba umiliki ni kitu kimoja. Kwa kweli umiliki ni mkusanyiko wa haki nyingi: haki ya kulima, kujenga, kukata miti, kuchimba mawe au madini yanayoruhusiwa, kugawa viwanja, kuzuia wengine wasiingie, kuuza na kurithisha.

Haki hizi zinaweza kutenganishwa. Watu wa Pwani na Visiwani wanalijua jambo hili tangu zamani: mnazi au mkarafuu unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa ya mtu mwingine. Mwenye mti huchuma mazao yake, mwenye ardhi hubaki na ardhi yake, na kila mmoja anajua haki yake inaishia wapi.

Mkataba wa hifadhi hujengwa juu ya wazo hilo hilo. Mwenye ardhi hatoi ardhi. Hutoa baadhi ya haki zake, kwa mfano haki ya kugawa viwanja au ya kufyeka msitu, na kubaki na nyingine zote. Akiruhusu na umma kuingia, anatoa haki nyingine tena: sehemu ya haki ya kuzuia wengine.

3. Maana na sifa za mkataba wa hifadhi

Mkataba wa hifadhi ni makubaliano ya kisheria ambayo kwayo mwenye ardhi anakubali kupunguza matumizi fulani ya ardhi yake ili kulinda mazingira, na chombo kingine, yaani idara ya serikali au shirika la uhifadhi, kinapewa mamlaka ya kusimamia makubaliano hayo.

Sifa zake kuu ni hizi:

(i) *Ardhi hubaki kwa mwenyewe.* Anaweza kuendelea kuitumia, kuiuza au kuirithisha.

(ii) *Mkataba huifunga ardhi, si mtu tu.* Husajiliwa pamoja na kumbukumbu za ardhi. Anayenunua au kurithi hukuta masharti yale yale na hulazimika kuyafuata.

(iii) *Una msimamizi.* Msimamizi hukagua ardhi, kwa kawaida kila mwaka, na anaweza kwenda mahakamani masharti yakivunjwa.

(iv) *Una muda unaojulikana.* Mingine ni ya miaka kadhaa, mingine ni ya kudumu.

(v) *Hutaja kinachokatazwa na kinachoruhusiwa.* Mara nyingi kilimo, ufugaji au uvunaji miti wa kiasi huruhusiwa, huku ujenzi na ugawaji wa viwanja ukikatazwa.

Tofautisha na njia nyingine mbili. Serikali *ikinunua* ardhi, mwenyewe huondoka na haki zote huhama. Shirika *likikodi* ardhi, haki hurudi kwa mwenyewe muda unapokwisha au malipo yanapokoma. Mkataba wa hifadhi umo katikati: haki zilizotajwa tu ndizo zinazotoka, na hazirudi kirahisi.

4. Thamani ya mkataba hukokotolewaje?

Mthamini huikadiria ardhi mara mbili: kabla ya masharti na baada ya masharti. Tofauti ndiyo thamani ya haki zilizotolewa. Chukua mfano huu wa kujifunzia:

- Thamani ya shamba bila masharti: sh. 300,000,000
- Thamani baada ya kukataza ujenzi na viwanja: sh. 180,000,000
- Thamani ya haki za ulinzi: sh. 120,000,000
- Thamani ya shamba ikiwa pia njia ya umma imeruhusiwa: sh. 165,000,000
- Thamani ya haki ya kupita: sh. 15,000,000

Angalia vizuri mistari miwili ya mwisho. Haki ya kupita ina bei yake. Mwenye ardhi akilipwa sh. 120,000,000 kisha akadaiwa aruhusu pia wapita njia, ametolewa kitu ambacho hakulipwa. Kwa upande mwingine, umma ukilipa sh. 135,000,000 halafu geti likafungwa, ni umma uliodhulumiwa.

Katika nchi zenye mfumo huu, mwenye ardhi huweza kulipwa fedha taslimu, au kuzitoa haki hizo kama msaada na kupunguziwa kodi. Kumbuka kwamba kodi isiyokusanywa nayo ni gharama ya umma.

5. Je, kulinda ardhi kunatoa haki ya kuingia?

Marekani ndiyo nchi iliyoutumia mkataba huu kwa upana zaidi. Mwaka 1980 Bunge lake liliingiza katika sheria ya kodi masharti ya kudumu kuhusu nani anastahili punguzo la kodi kwa kutoa mkataba wa hifadhi, na mwaka 1981 ikaandaliwa sheria ya mfano ambayo majimbo mengi yameifuata. Sheria ya kodi inataka mkataba uwe wa milele, na inataja makusudi manne. Kanuni zake zinatofautisha haki ya kuingia kwa kila kusudi:

| Kusudi la mkataba | Je, umma lazima uingie? |
|---|---|
| Burudani ya nje au elimu kwa umma | Ndiyo. Umma uitumie ardhi kwa kiwango kikubwa na mara kwa mara. |
| Makazi ya wanyama, samaki au mimea | Si lazima. Kuwazuia watu kunaweza hata kuwa sehemu ya ulinzi. |
| Mandhari ya ardhi iliyo wazi | Kuyaona kwa macho, kwa mfano kutoka barabarani, kunatosha. |
| Jengo au eneo la kihistoria | Lionekane na umma. Lisipoonekana kutoka nje, watu wapewe nafasi ya kulitembelea. |

Jedwali hili linajibu swali letu. Mtu anaweza kulinda makazi ya ndege, akapata punguzo la kodi, na bado akawa na haki kamili ya kuweka kibao cha "Hakuna ruhusa kuingia". Wakosoaji huona hili ni kasoro, kwa kuwa walipa kodi wamechangia mahali wasipoweza kukanyaga. Watetezi hujibu kwamba maji safi na ndege humnufaisha hata asiyeingia. Mtahiniwa anapaswa kuzijua pande zote mbili.

6. Uchunguzi kifani: chanzo cha mto Connecticut

Mto Connecticut huanzia kaskazini kabisa mwa jimbo la New Hampshire, karibu na mpaka wa Kanada, na kutiririka kusini hadi baharini katika jimbo la Connecticut. Msitu unaozunguka maziwa ya chanzo chake, takriban ekari 171,000, ulikuwa mali ya kampuni ya karatasi ya International Paper. Kwa miaka mingi wenyeji waliingia humo kuwinda, kuvua samaki, kutembea, na wakati wa baridi kuendesha pikipiki za theluji. Waliingia kwa hisani ya kampuni. Hawakuwa na haki iliyoandikwa.

Mwaka 2001 ilijulikana kwamba msitu unauzwa. Hofu ikawa mara mbili. Kwanza, mnunuzi angeweza kuukata vipande vya nyumba za mapumziko. Pili, angeweza kufunga mageti, na uchumi wa miji midogo kama Pittsburg, unaotegemea wageni wa msitu huo, ungeyumba.

Shirika la uhifadhi liitwalo Trust for Public Land liliununua msitu kwa muda ili kupata nafasi ya kupanga. Kisha ardhi ikagawanywa kwa mpango ufuatao:

(i) Takriban ekari 25,000 zenye umuhimu mkubwa wa kiikolojia zikawa mali ya jimbo kama eneo la asili.

(ii) Takriban ekari 146,000 ziliuzwa mwaka 2003 kwa kampuni binafsi ya misitu, Lyme Timber, zikiwa tayari zimefungwa na mkataba wa hifadhi wa kudumu unaosimamiwa na jimbo la New Hampshire.

(iii) Mkataba huo ulikataza kuugawa msitu kwa ajili ya majengo, uliruhusu uvunaji wa miti kwa njia endelevu, na ulihakikisha haki ya umma kuingia kwa burudani.

(iv) Barabara zilizotengwa kwa umma na njia za pikipiki za theluji zilitajwa na kuwekewa utaratibu wa kutunzwa, ili mzigo usimwangukie mwenye msitu peke yake.

Tangu hapo msitu umeuzwa tena zaidi ya mara moja. Mkataba umebaki, na haki ya kuingia imebaki nao. Huu ndio ushahidi wa sifa ya (ii) katika kifungu cha 3: mmiliki hubadilika, masharti hayabadiliki.

Mafunzo ya kuandika katika mtihani ni matatu. Hisani inaweza kuondolewa siku mali inapouzwa. Maeneo nyeti na maeneo ya shughuli yalitenganishwa. Na haki ya kuingia ilikwenda pamoja na mpango wa kutunza barabara.

7. Hali ya Afrika Mashariki

*Kenya.* Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya umma, ya jamii na ya binafsi. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inaruhusu mahakama kuweka masharti ya hifadhi juu ya ardhi ya mtu. Makusudi yaliyotajwa ni pamoja na kuhifadhi mimea na wanyama, maji, mandhari na ardhi iliyo wazi, kuweka mapito ya wanyama, na pia kuruhusu watu kutembea katika njia maalumu inayokatiza ardhi hiyo. Masharti yanaweza kuwa ya kudumu au ya miaka maalumu, na mwenye ardhi anaweza kudai fidia. Tazama kwamba sheria imeitaja njia ya watu kama kusudi linalojitegemea. Haikusema kwamba ukiwalinda wanyama umeshafungua njia. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 nayo inatambua mikataba ya aina hii.

*Kitengela.* Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, ina uzio pande zake nyingi, lakini upande wa kusini uko wazi kuelekea nyanda za Kitengela. Wanyama wanaohama hupita katika mashamba ya familia. Kuanzia mwaka 2000 familia zilizokubali kutoweka uzio, kutogawa ardhi na kuwaachia wanyama nafasi zililipwa takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, kulingana na wakati wa karo za shule. Mpango huu ulikuwa wa kukodi, tena ulitegemea wafadhili, hivyo haukuifunga ardhi milele. Tena ulifungua njia kwa nyumbu na pundamilia. Haukumpa mtalii au mpita njia haki ya kukatiza shamba la mtu.

*Tanzania.* Hapa ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, humpa mtu haki ya kumiliki na kutumia, si umiliki wa moja kwa moja. Kwa hiyo unapoandika "ardhi binafsi" kwa Tanzania, eleza kwamba unamaanisha ardhi yenye hakimiliki au hakimiliki ya kimila. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inatambua masharti ya hifadhi juu ya ardhi.

Mfano mzuri ni kijiji cha Terrat wilayani Simanjiro. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire huenda katika nyanda za Simanjiro wakati wa mvua. Katika miaka ya 2000 kampuni za utalii zilikubaliana na kijiji kukilipa kila mwaka ili nyanda hizo zisilimwe wala kujengwa makazi ya kudumu. Ufugaji wa jadi uliendelea. Wanakijiji hawakupoteza malisho, na kilichozuiliwa ni jembe na nyumba.

8. Migongano kati ya uhifadhi na burudani

Watu wanaoipenda ardhi wanaweza pia kuiharibu. Wakipita popote, nyasi hufa na mmomonyoko huanza. Kelele na mbwa huwatimua ndege wanaolalia mayai. Moto wa kambi huchoma msitu. Taka huingia mtoni. Geti likiachwa wazi, ng'ombe hutoka. Mwenye ardhi naye huhofia kushtakiwa mgeni akianguka.

Masharti yafuatayo hupunguza migongano hiyo:

1. *Njia maalumu.* Ichorwe kwenye ramani, na upana wake utajwe.
2. *Kanda.* Eneo la mazalia au la chemchemi lifungwe, na eneo gumu lisiloharibika upesi lifunguliwe.
3. *Majira na saa.* Njia ifungwe msimu wa kuzaliana, wa mavuno au wa hatari ya moto.
4. *Aina ya matumizi.* Mkataba useme kama ni kwa miguu tu, au na baiskeli, farasi na magari.
5. *Matunzo.* Atajwe anayefyeka njia, kuokota taka na kukarabati daraja, na fedha zitoke wapi.
6. *Dhima.* Majimbo ya Marekani yana sheria zinazompunguzia dhima mwenye ardhi anayewaruhusu watu kuingia bure kwa burudani, isipokuwa amefanya hila au uzembe mkubwa. Mahali pasipo na sheria kama hiyo, bima au ulinzi wa halmashauri uzungumzwe mapema.
7. *Ukaguzi.* Hali ya ardhi iandikwe na kupigwa picha siku ya kwanza, kisha ilinganishwe kila mwaka.

9. Makosa ya kuepuka katika mtihani

- Kuandika kwamba mwenye ardhi "ameiuza kwa serikali". Ametoa baadhi ya haki tu.
- Kudhani kila ardhi iliyolindwa iko wazi kwa umma.
- Kuita mpango wa Kitengela mkataba wa kudumu.
- Kutaja faida bila gharama. Swali la "jadili" linataka pande zote na msimamo wako.
- Kusema "watu waelimishwe" bila kueleza nani, nini na kwa fedha zipi.

10. Swali la mfano na jibu lake

*Familia moja ina shamba la ekari 200 lenye kilima, msitu na chemchemi inayotumiwa na kijiji. Kwa miaka mingi wanakijiji na wanafunzi wamepanda kilima hicho kwa ridhaa ya babu, bila maandishi. Babu amefariki. Warithi wawili wanataka kuuza viwanja, wawili wanataka shamba libaki lilivyo. Washauri. (Alama 20)*

Jibu

Kwanza, mirathi ikamilike. Kabla majina ya warithi hayajathibitishwa, hakuna kati yao mwenye mamlaka ya kuuza wala kufunga mkataba wowote juu ya ardhi hiyo.

Pili, warithi waelewe hali ilivyo. Wanakijiji walipita kwa ridhaa ya babu. Ridhaa ya mwenye shamba inaweza kuondolewa naye au na atakayemfuata. Shamba likiuzwa bila maandishi, mnunuzi anaweza kufunga kilima, na wanafunzi watakuwa wamepoteza mahali pao siku moja. Vivyo hivyo, msitu ukifyekwa kwa ajili ya viwanja, chemchemi inaweza kupungua, na hasara itawafikia hata wasiokuwa warithi.

Tatu, si lazima upande mmoja ushinde wote. Nashauri ekari 30 zilizo kando ya barabara, mbali na chemchemi, zitengwe kwa viwanja ili wanaohitaji fedha wapate. Ekari 170 zilizobaki, pamoja na kilima, msitu na chemchemi, ziwekwe chini ya mkataba wa hifadhi. Mkataba ukataze ujenzi na ufyekaji, lakini uruhusu ufugaji wa nyuki, malisho ya kiasi na kuokota kuni kavu, ili ardhi iendelee kuilisha familia.

Nne, njia ya kwenda kilimani iandikwe katika kifungu chake. Ipite mpakani mwa shamba, iwe ya miguu tu, itumike mchana, na ifungwe wakati wa kiangazi kikali kwa hofu ya moto. Isikaribie chemchemi. Kijiji au shule ikubali kuisafisha, na chombo cha serikali za mitaa kikubali kugharamia matengenezo.

Tano, thamani ya haki za ulinzi na thamani ya haki ya kupita zikadiriwe mbalimbali, na familia ilipwe kwa zote mbili. Ikiwa fedha za njia hazipatikani sasa, ni heri kusaini ulinzi pekee na kuendelea na ruhusa ya maandishi ya mwaka mmoja mmoja kuliko kuahidi haki ya kudumu isiyo na mtunzaji.

Kwa hiyo naunga mkono mkataba, kwa sharti kwamba warithi wote wanne wausome na kuuelewa kabla ya kutia saini, kwa sababu watoto wao watafungwa nao.

Mgawanyo wa alama: mirathi na tofauti ya ridhaa na haki (4), mgawanyo wa ardhi na sababu zake (4), masharti ya ulinzi (4), masharti ya njia (4), fedha na msimamo (4).

11. Mazoezi

1. Eleza tofauti tatu kati ya mkataba wa hifadhi na kukodisha ardhi. (Alama 6)
2. Shamba lina thamani ya sh. 80,000,000. Baada ya masharti ya ulinzi linathaminiwa sh. 56,000,000, na baada ya kuongeza njia ya umma sh. 52,000,000. Kokotoa (a) thamani ya haki za ulinzi, (b) thamani ya haki ya kupita, (c) asilimia ya thamani yote iliyopungua. (Alama 6)
3. Kwa kutumia mfano wa chanzo cha mto Connecticut, eleza kwa nini wenyeji hawakutosheka na hisani ya kampuni. (Alama 8)
4. "Ardhi iliyolindwa kwa kodi ya umma lazima ifunguliwe kwa umma." Jadili. (Alama 20)
5. Chagua eneo katika wilaya au kaunti yako ambalo watu hupita kwa mazoea katika ardhi yenye mwenyewe. Andika vifungu vitano ambavyo ungeviweka katika mkataba wa njia hiyo. (Alama 10)

Jibu la swali la 2: (a) sh. 24,000,000, (b) sh. 4,000,000; (c) 28,000,000 ÷ 80,000,000 × 100 = 35%.

Dokezo la swali la 4: Anza kwa kueleza kwamba makusudi ya ulinzi hutofautiana. Onyesha mahali ambapo kuingia ni sehemu ya kusudi, kisha mahali ambapo kuingia hulibomoa. Hitimisha kwa kutaja kigezo chako cha kuamua, na kitumie kwa mfano mmoja wa nyumbani.